Tulikwisha Kuagwa

Kama umeambiwa una kifua kikuu, na wewe ni mtu ambaye wengine wanamngojea, kaa karibu nami kidogo. Mambo ya mapafu waulize madaktari, ndiyo kazi yao. Mimi nitakusimulia habari ya benchi, ya vidonge, ya mume aliyenyamaza na ya godoro. Nimepona. Hilo nalitanguliza ili usisome kwa hofu, maana nilipokuwa mgonjwa, kila aliyekuja kunifariji na habari ya mtu mwenye kikohozi aliimalizia makaburini.

Kanisani wananiita Mama Ansima. Ansima ndiye binti yangu mkubwa, anayemfuata ni Mugisho, na wa mwisho ni Riziki, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza shule. Baba yao ni fundi cherehani. Tulitoka upande wa Bukavu tukiwa na watoto wawili na kinu kimoja. Watu huniuliza ni mwanamke gani anayekimbia vita na kinu kichwani. Nawajibu kwamba mikono ilikuwa imeshika watoto, kichwa kilikuwa na nafasi. Kinu hicho ndicho kilichotulisha Kampala. Nilitwangia sombe, yale majani ya muhogo, nikayauza sokoni Kalerwe pamoja na sambaza wakavu, wale dagaa wetu, na Wakongo wenzangu wa Kawempe walikuwa wakisikia mlio wake asubuhi wanajua leo mboga ipo.

Tulingoja safari ya kuhamia Kanada kwa miaka mingi. Mkimbizi mwenzangu hahitaji kuelezwa. Unaitwa usaili, unanyamaziwa, unaitwa tena, unanyamaziwa tena, watoto wanakua ukubwa mwingine na picha zao zinapigwa upya. Halafu siku moja ukiwa sokoni na mikono imejaa harufu ya samaki, simu inalia na mtu anakupa tarehe ya ndege. Nilikaa juu ya gunia la mihogo la mtu, nikalia mpaka mwenye gunia akaniletea chai.

Sasa nikueleze desturi yetu, maana ndiyo iliyotuponza. Kwetu mtu akipata tarehe, vitu vikubwa anauza, vingine vyote anagawa kanisani. Kuuza sufuria ulilowapikia watu wa Mungu ni choyo. Jumapili ya mwisho mnasimamishwa mbele, wazee wanawawekea mikono, akina mama wanaimba mpaka sauti zinakauka, kisha baada ya ibada watu wanakuja kwenu kuchukua baraka zao. Ndivyo tunavyoviita vyombo hivyo, baraka. Mama Zawadi, rafiki yangu tangu tulipofika mjini, alichukua kinu. Mama Chantal, mwenye sauti ya juu kuliko wote kwaya nzima, alichukua godoro letu, na alikuja na bodaboda ya kulibebea kabla watu hawajamaliza kula. Mume wangu alikwisha kuiuza cherehani yake kwa karakana moja ya Katwe. Mwenye nyumba naye alikwisha kupata mpangaji mwingine. Tukabaki na masanduku, mikeka na nguo za ndege.

Nilikuwa nakohoa tangu msimu wa senene. Nilisema ni vumbi, nikasema ni moshi, nikasema ni pilipili ya jirani. Kikwembe kilichokuwa kikinizunguka mara moja kikaanza kunizunguka mara mbili, nami nikafurahi kwamba nitafika Kanada nikiwa msichana. Asubuhi nilikuwa naamka nguo zimelowa jasho. Hiyo nayo nikasema ni joto.

Katika kipimo cha mwisho kabla ya safari, daktari kijana aliyevaa barakoa alinisikiliza mgongoni, akanipeleka kwenye picha ya kifua, akanipa kikopo cha kutemea makohozi. Tukaitwa tena. Alituangalia wote watano tulivyokaa kwa mstari, tumependeza.

"Hamtasafiri wiki hii," akasema.

Mume wangu akauliza, "Nani?"

"Nyote."

Hakuna aliyelia. Riziki aliuliza kama ndege imeharibika, na baba yake akamwambia ndiyo, imeharibika, inatengenezwa. Uongo huo aliurudia kwa miezi, mpaka mtoto akaanza kuwaombea mafundi wa ndege kila tunapokula.

Aibu ya kurudi mahali ulipoagwa sijui niifananishe na nini. Mwenye nyumba alitupa kijumba cha nyuma, karibu na choo, kwa sababu chumba chetu kilikuwa na mwenyewe tayari. Jumapili ya kwanza hatukwenda ibadani. Ya pili tulikwenda, tukachelewa makusudi ili tuingie wakati watu wamefumba macho. Hatukuchelewa vya kutosha. Mchungaji alikuwa akisoma matangazo, akatuona mlangoni, akapoteza mstari. Kanisa zima likageuka. Mbele yao nilikuwa nimesimama juzi tu, nikasema Mungu amefungua mlango ambao hakuna awezaye kuufunga. Sasa mimi hapo, na barakoa usoni, naufunga kwa kikohozi.

Kesho yake Mama Zawadi alikuja na kinu kichwani. Akakitua mlangoni, akajifuta jasho.

"Baraka yako hii," akasema. "Nimeitwangia mara moja tu, sombe ikatoka chungu. Kinu chako kinanibagua."

"Baraka hairudishwi, Mama Zawadi."

"Basi nakuazima."

Baada yake wakaja wengine. Sufuria lilirudi na maharage ndani. Jerikeni zikarudi zimejaa maji. Kuna mama aliyerudisha vijiko vyetu akaongeza kimoja, akasema alikosea kuhesabu. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka dirishani, nimegeuzia uso wangu ukutani, nasikia vyombo vyangu vinaingia kimoja kimoja, naona aibu na nashukuru kwa pamoja. Kama unangoja kitu cha Mungu na huoni chochote, angalia vizuri nani anayepiga hodi. Mimi wakati ule sikuangalia. Nilikuwa na kazi ya kuhesabu nani hajaja, na ambaye hakuja ni Mama Chantal.

Dawa zilianza kabla ya mvua za masika. Wagonjwa wa kifua hatukai ndani na wengine. Tunakaa nyuma ya kituo cha afya, kwenye mabenchi chini ya bati, upepo unakopita. Mvua ikiwa ya upande, upepo unapita na maji. Hapo ndipo nilipomkuta Hajati Zainabu, Mnubi, mwanamke mnene wa zamani ambaye sasa ngozi yake ilikuwa imembakia kama nguo ya dada mkubwa. Babu yake aliletwa huku kutoka Sudani kuwa askari, na Kiswahili chake bado kilikuwa kimesimama mguu sawa. Alikuwa anasuka kawa la kufunikia chakula, na ukindu wa rangi umemzunguka miguuni.

"Wewe mama, kuja kaa hapa," aliniambia siku ya kwanza. "Hapo inavuja. Unatoka Kongo?"

"Ndiyo, Hajati."

"Dawa hii hapana mchezo. Mimi mara ya kwanza nakunywa, napata nafuu, nanenepa, naacha. Sasa ona, narudi tena mwanzo. Wewe ukipata nafuu, usisikilize hiyo nafuu. Inadanganya."

Katika yote niliyoambiwa mwaka ule, na nilihubiriwa sana, hilo ndilo lililoniokoa. Nakupa na wewe. Usisikilize nafuu.

Musawo, yaani muuguzi wetu, alikuwa akinipima uzito, anatikisa kichwa, ananipa vidonge vitatu kila siku. Ni vikubwa, rangi ya tofali, na vinakwaruza vikishuka. Haja ndogo inakuwa nyekundu kama soda. Wasikutishe, ni dawa inapita. Mimi hakuna aliyeniambia, nikamwita Mama Zawadi chooni atazame, tukashikana mikono tukaomba tukiamini nakufa. Miguu ilinichoma kama nimekanyaga siafu. Chakula kilinuka chuma. Pete ya ndoa ilinianguka kwenye beseni la vyombo, nikaifunga kwenye pindo la kikwembe.

Wiki za mwanzo nililala peke yangu chumba cha ndani, na sahani yangu peke yangu, ingawa musawo alisema sahani haina kosa. Ni mume wangu aliyeitenga, kwa woga. Riziki alikuwa akija mlangoni, anasukuma chini ya mlango kitu cha kunipa: kifuniko cha soda, jani, kipande cha chapati kilichotafunwa nusu. Nilikuwa nakilaza kile kipande kiganjani nakitazama. Siku musawo aliposema sasa naweza kukaa na wanangu bila hofu, nilimshika yule mtoto nikamnusa kichwa mpaka akaniambia, "Mama, basi."

Kuomba kulinishinda. Niseme ukweli. Shemasi mmoja wa akina mama alinitembelea, akakaa mbali, akasema pengine kuna jambo ndani ya nyumba, nichunguze moyo wangu. Nikamwambia nimechunguzwa mapafu, yanatosha kwa mwaka huu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alipiga simu kutoka Goma kusema nimelishwa sumu na wenye wivu wa safari, kuna mtu wa kuitoa. Kila mmoja alikuwa na sababu. Mimi sikuwa na sababu yoyote, nilikuwa na hasira tu, na hasira haipigi magoti vizuri.

Ndipo nikaanza kuombea vidonge. Vilikuwa vitatu na watoto ni watatu, nikavipa majina. Cha kwanza Ansima, cha pili Mugisho, cha tatu Riziki. Nilikuwa nameza nikisema, "Bwana, huyu." Basi, hakuna kingine. Siku moja Hajati aliniona midomo inacheza, akauliza nasoma dua gani, nikamweleza.

"Na wewe mwenyewe uko wapi?"

"Mimi ni maji ya kumezea."

Alicheka mpaka akakohoa, na sisi tukicheka pale benchini kicheko kinageuka kikohozi cha watu kumi, musawo anatoka kutuangalia. "Vizuri," Hajati akasema alipopata pumzi. "Maji yasipokuwepo, kidonge kinakwama."

Nyumbani kulikuwa kuzito. Mume wangu alikuwa amekwenda Katwe kuwasihi wamrudishie cherehani, wakakataa, lakini wakampa kazi ya kuishonea. Basi kila asubuhi fundi wangu alikuwa anakwenda kuwa kibarua wa mashine yake mwenyewe, ile aliyoipaka rangi upya kwa mkono wake. Alirudi jioni na nyuzi kwenye nywele, anakula, ananyamaza. Kalerwe akina mama walituita Kanada. "Kanada, leo huleti sombe?" Kwao ulikuwa utani tu, na mimi nilijua kutaniana. Lakini shuleni Ansima naye aliitwa Kanada, na yeye hakujua.

"Wenzangu niliwagawia vitabu vyangu," aliniambia siku moja akinisaidia kutundika nguo. "Niliwaaga, Mama. Wengine walilia. Sasa nakaa nao dawati moja, wananiazima vitabu vyangu mwenyewe."

Nikamwambia pole. Akasema, "Pole ya nini, kwani ulipenda?" Lakini alisema akitazama nguo, hakunitazama mimi, na iliniuma kuliko sindano zote.

Dawa za miezi ya kwanza zilipoisha, masika yakiwa yamechachamaa, musawo alinipandisha kwenye mizani, macho yake yakacheka juu ya barakoa. Nilikuwa nimeongezeka. Akanibadilishia dawa, na kwa sababu ya uzito ule akasema sasa ni vidonge vinne. Nilijua mara moja cha nne ni cha nani, ni cha baba yao. Nikakipokea kwa furaha.

Wiki hiyohiyo tukaitwa ofisi ya safari. Dada mmoja mpole sana alitueleza kwamba kuna njia mbili. Baba na watoto wanaweza kutangulia, mama afuate akipona, ingawa hawezi kutuahidi itachukua muda gani. Au familia nzima ingoje pamoja, ingawa hapo pia hawezi kutuahidi kitu. Turudi na jibu baada ya Pasaka.

Wifi yangu alijua kabla hatujafika nyumbani, sijui kwa upepo gani. Simu ya mume wangu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia yote. "Mlango ukifunguka mtu anaingia. Okoa watoto. Bibi yako atafuata, kwani kuna anayemkataza?"

Nami, ili nisionekane kamba ya kuwafunga, nikamwambia mume wangu mwenyewe. "Nendeni. Mimi nina Mama Zawadi, nina dawa zangu. Nendeni."

Nilisema kwa mdomo. Nilitaka akatae. Nilitaka apige meza, kama tungekuwa na meza. Mtu niliyeishi naye muda wote huo, nilidhani anajua kusikia nisichokisema. Akanijibu neno moja tu, "Nimesikia," akachukua kofia yake akatoka.

Akanyamaza Kwaresima yote iliyobaki. Alikuwa anatoka alfajiri na kurudi watoto wamelala, anasema Katwe kuna kazi nyingi ya nguo za Pasaka. Nilikuwa nameza Ansima, nameza Mugisho, nameza Riziki, cha nne kinakwama. Sikufanyii mzaha. Kilikuwa kinakaa kooni, nakunywa kikombe cha pili cha maji, cha tatu, natoa machozi. Nilikuwa nasema, "Bwana, huyu," lakini kwa sauti ya kumshtaki. Mwili ulikuwa unapona na mimi nilikuwa naogopa kupona peke yangu katika kijumba kile karibu na choo, wanangu wakikua kwenye simu.

Nilimwambia Hajati. Sikutaka anifundishe, nilitaka tu mtu ajue. Akaacha kusuka.

"Sasa unamwomba Mungu wako nini?"

"Sijui. Abaki, au aende vizuri."

"Chagua moja," akasema. "Hata karani anataka ujue unataka nini."

Nikamwambia nataka abaki. Nililia pale mbele ya watu, barakoa ikalowa, na musawo akaniletea nyingine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuomba kitu kwa ajili yangu tangu ugonjwa uanze, na nilikiomba kwa Mwislamu kwenye benchi linalovuja. Mungu alikuwa anasikiliza hapohapo, naamini hivyo mpaka leo.

Siku ya kupeleka jibu, mume wangu alivaa koti la harusi yetu. Akanywa chai amesimama. Akasema, "Nitarudi," akaenda. Mvua ikanyesha ile ya kufunga barabara, Kalerwe ikageuka mto, na Mama Zawadi akaja kukaa nami kwa sababu alijua ni siku gani. Alinimenyea mihogo. Hakuniambia Mungu ana mpango. Alisema tu muhogo huu ni mzuri, na mimi nikasema ndiyo, ni mzuri. Nilikuwa nimekwisha kujipanga moyoni. Kama naachwa, Bwana, nisije nikawachukia. Nilikuwa nimefika hapo, na huko si mbali, lakini ndiko nilikoweza kufika.

Mchana mvua ilipokata, Mama Zawadi alitoka kumwaga maganda. Akasimama nje na sinia mkononi. Kisha akasema, "Mama Ansima, bwana yako amebeba nini?"

Nikatoka. Kwenye kichochoro, bodaboda ilikuwa inasukumwa kwenye matope, na juu yake kulikuwa na godoro jipya, kubwa, limefungwa nailoni, na chini ya godoro miguu ya suruali ya harusi ya mume wangu. Uso wake haukuonekana. Alikuwa analisukuma kwa kichwa.

Mtu wa kusafiri hanunui godoro.

Nilijua hilo kabla hajaliteremsha. Mama Zawadi naye alijua, maana alijifunika uso kwa kikwembe na sinia la maganda likamwanguka. Mume wangu alimlipa bodaboda, akaliegemeza godoro ukutani, akafuta matope kwenye nailoni kwa mkono wa koti lake zuri.

"Nimewaambia tuko watano," akasema.

"Na dada yako?"

"Dada yangu ana godoro lake."

Nilicheka, nikalia, nikakaa chini. Baadaye watoto wakirukaruka juu ya godoro bado na nailoni yake, nilimuuliza kwa nini hakusema mapema, akaniacha niteseke wiki zote zile. Alikuwa anatoa nyuzi kwenye nywele zake.

"Niliogopa," akasema. "Nilitaka kwenda, Mama Ansima. Kila siku nilitaka kwenda. Niliona nikifungua mdomo tu, hilo ndilo litakalotoka. Kwa hiyo nikaona nishone nguo, ninunue godoro kwanza, halafu ndiyo nitajua nimesema nini."

Huyo ndiye mtu wangu. Nilimsamehe na sikumsamehe, kisha nikamsamehe. Kesho yake kidonge cha nne kilishuka na kikombe kimoja.

Baada ya hapo sina mengi ya kusimulia, na huo ndio uzuri wake. Masika yaliisha. Njaa ikanirudia, njaa ya aibu, nikawa nakula mpaka ukoko. Ansima alikuwa ananipakulia mara ya tatu bila kuombwa. Siku baba yake alipoleta godoro alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, akaulizwa na jirani, "Kanada, kumbe hamwendi?" akajibu, "Tunamngoja Mama." Alijibu bila aibu, nilimsikia. Pete ikapanda kidoleni tena. Nikajaribu kinu, mwanzoni mapigo machache napumzika, baadaye bakuli moja, mwisho sombe ya kuuza. Mama Zawadi alisikia mlio kutoka kwake akaja mbio na mchi wake, tukatwanga kwa zamu.

Nilimaliza dawa wakati watoto wako likizo. Nikatema kwenye kikopo mara ya mwisho, nikangoja majibu, na kungoja huko peke yake kulitaka kunirudisha kitandani. Musawo alipotoka na kuniita, alikuwa amevua barakoa. Nilikuwa sijawahi kumwona mdomo. Ana mwanya mzuri.

"Uko safi," akasema.

Hajati, aliyekuwa bado na miezi yake, alinivalisha kawa kichwani kama taji, benchi zima likapiga makofi. "Hili la Kanada," akasema. "Ukifunika chakula huko, unikumbuke. Dua yako na yangu zitakutana huko juu, hakuna wa kuziuliza kadi." Bado nakwenda kukaa naye siku zake za dawa. Hajaacha, namchunga.

Kanisani Mchungaji aliniita mbele kutoa ushuhuda. Niliogopa mahali pale, maana ndipo niliposema mlango haufungwi. Nikasema, "Ndugu zangu, mliniaga nikarudi, mkanipokea. Nilifikiri Mungu yuko kwenye ndege. Kumbe alikuwa anarudisha sufuria." Nilikuwa nimeandaa maneno mengine lakini hayakuja, nikaenda kukaa. Akina mama wakaimba.

Safari je? Bado. Senene wamerudi, watoto wanawakimbiza chini ya taa za barabarani, nasi tunaambiwa tungoje, faili linashughulikiwa. Siku nyingine inaniuma. Siku nyingi natwanga na kusahau. Riziki anaendelea kuwaombea mafundi wa ndege, na hatujapata moyo wa kumwambia.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mama Chantal alinivuta pembeni. Nilijua hatimaye ni habari ya godoro langu la zamani, nikajiandaa kumwambia limesamehewa. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Lile godoro sikurudisha," akasema, "kwa sababu kila nikilala juu yake nilikuwa nawakumbuka, nawaombea. Ningelirudisha, ningewaombea wapi?"

"Aksanti, Mama Chantal."

"Nimewaombea sana. Mpaka limebonyea." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Sasa nasikia mna jipya. Mkipata tarehe, usinisahau."

Mume wangu alikuwa nyuma yangu, nikamsikia anacheka, kicheko chake cha zamani, ambacho sikukisikia mwaka mzima. Nikamwangalia Mama Chantal, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, nayo ikaingia yote na kutoka yote bila kukwaruza popote.

"Utangoja," nikamwambia. "Na sisi tunalilalia kwanza."